Mke Wangu Hakunisaidia

Nina ugomvi na neno moja la Kiswahili. Ni neno la adabu, hufundishwa katika masomo ya mwanzo kabisa, na hakuna kati yetu ambaye hajalitumia kwa nia njema. Neno lenyewe ni kusaidia. Sigombani nalo kila mahali. Nagombana nalo pale mume anapolitumia kuelezea kazi ambayo yeye na mkewe wameifanya wote wawili. Mimi nililitumia hivyo mwaka jana, tena kwa maandishi, na kazi iliyokuwa imetufurahisha kwa miezi minane ikasimama majuma matatu.

Kazi hiyo ni reli. Ipo sebuleni mwetu hapa Kampala, juu ya mbao zilizopigiliwa kando ya kuta mbili, kimo cha meza. Mwisho mmoja ni Tororo, kwao mke wangu. Mwisho wa pili ni Kasese, kwetu mimi. Injini mbili ndogo za umeme huvuta mabehewa ya kadibodi kati ya miji hiyo, zikipita chini ya dirisha na nyuma ya kabati la vyombo. Wanafunzi wenzangu wanaokuja kwangu kujiandaa kwa mitihani wameiona, na karibu kila mmoja amesema maneno yale yale: "Hongera sana, bwana! Na shemeji naona amekusaidia." Nami nilikuwa nikijibu, "Ndiyo, amenisaidia sana."

Nadai kwamba jibu langu lilikuwa uongo, na kwamba sisi tunaosomea lugha ndio wenye udhuru mdogo kuliko watu wote wa kuusema uongo huo.

Nianze na ukweli unaowapa nguvu watakaonipinga: sanduku nililileta mimi. Nililinunua katika soko la Owino, kwenye lundo la vitu vya mitumba vya kuchezea. Ndani mlikuwa na injini mbili, mabehewa matano na vipande vya reli, vyote vya kutoka Ulaya. Nilikusudia kumfurahisha binti yetu. Nikaunganisha vipande sakafuni vikawa duara, nikafunga betri ya pikipiki, injini ikazunguka mara nne, mtoto akapiga makofi kisha akaenda zake kucheza nje. Nikaanza kurudisha vitu sandukuni.

Mke wangu ni fundi cherehani. Alikuwa amesimama mlangoni na utepe wa kupimia shingoni, kama kawaida yake. Akainama, akapima nafasi iliyopo kati ya reli moja na nyingine. Milimita 16 na nusu. Akaniuliza, "Mwalimu, reli ya kwetu ina upana gani?" Hilo nilijua. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Ziwa Viktoria mwaka 1901 na Kampala mwaka 1931, ina upana wa mita moja. Akachukua kalamu, akagawa 1,000 kwa 16.5, akapata 60 na kidogo. Akasema, "Basi kila kitu tukigawe kwa 60."

Msomaji asiyewahi kushona anaweza kuliona hilo kuwa jambo dogo. Si dogo. Reli zile za kuchezea zilitengenezwa kuiga reli pana ya Ulaya, yenye milimita 1,435, na ndiyo maana mabehewa yake yalikuwa madogo, yakiwa yamegawanywa kwa 87. Tukitaka reli ileile iwe ya kwetu, lazima kila kilicho juu yake kiwe kikubwa zaidi. Mtu mwenye kimo cha mita 1.68 awe na milimita 28. Behewa la mita 18 liwe na sentimita 30. Fundi cherehani hukuza na kupunguza vipimo vya nguo kila siku, na ndiye aliyeona mara moja kwamba mabehewa ya sandukuni hayatufai. Tuliyavua miili yao ya plastiki, tukabaki na magurudumu, tukayashonea, nasema kushonea kwa sababu ndivyo alivyofanya, miili mipya ya kadibodi iliyokatwa kwa ruwaza za karatasi. Kabla ya swali lake palikuwa na kitu cha kuchezea. Baada ya swali lake palikuwa na kazi ya watu wazima.

Kazi ikaja na ubishi wake. Mimi nilitaka Kasese peke yake, mji ambao reli iliufikia mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Nimekulia hapo, na reli niliyoijua ni ile iliyomezwa na nyasi. Yeye alitaka Tororo, mahali reli inapoingia kutoka Kenya na ambapo njia ya Mbale na Soroti hujitenga. Babake alikuwa kazini kwenye stesheni hiyo, na yeye aliijua kama mtu anavyoijua jikoni ya kwao. Tulibishana siku tano. Siku ya sita tukakubaliana kujenga ncha zote mbili na kuiacha Kampala. Anayetaka kuiona Kampala achungulie dirishani.

Milima ya Rwenzori tuliitengeneza kwa magazeti yaliyolowekwa kwenye uji wa unga wa ngano. Mwamba wa Tororo ulitushinda, kwa sababu ukiugawa kwa 60 bado ungetoboa bati. Yeye akauchora ukutani nyuma ya stesheni. Udongo tulichekecha wenyewe, murram nyekundu halisi. Nyasi zilitokana na kamba ya katani iliyokatwakatwa na kutiwa rangi.

Lugha ya kazi ilikuwa Kiswahili, na hilo halikupangwa. Lugha yangu ya mama ni Lukonzo, yake ni Dhopadhola. Mambo ya ada, ya hospitali na ya kodi ya nyumba tulikuwa tukiyazungumza kwa Kiingereza, kama watu walio ofisini. Lakini Kasese ina Kiswahili cha mgodini na cha mpakani mwa Kongo, na Tororo ina Kiswahili cha relini na cha mpakani mwa Kenya. Mbele ya mbao zetu, kila mmoja alirudi kwenye Kiswahili cha utotoni mwake. Mimi, mwanafunzi wa shahada, nilikuwa nikisema "vile vijiti vya chini ya reli". Yeye akaniambia vinaitwa mataruma, babake alikuwa akiyahesabu.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Ili treni irudi yenyewe bila kuinuliwa kwa mkono, nilichora kitanzi upande wa Kasese, kilichofichwa ndani ya milima ya karatasi. Treni inaingia, inazunguka, inatoka ikitazama ilikotoka. Kila nilipowasha, fyuzi ilikatika. Nilibadilisha fyuzi, nikabadilisha nyaya, nikaenda kumlaumu fundi wa redio aliyenitengenezea kifaa cha kuongezea na kupunguza mwendo. Majuma mawili yakapita hivyo. Jioni moja mke wangu alichukua uzi mwekundu na uzi mweusi. Akalaza mwekundu juu ya reli moja na mweusi juu ya nyingine, akaanza kufuata njia taratibu kwa vidole, akaingia kwenye kitanzi, akazunguka, akatokea mahali alipoingilia. Hapo uzi mwekundu ulikuwa umelala juu ya mweusi. Akasema, "Mwalimu, reli ya kushoto imezunguka, imerudi ikiwa ya kulia. Wewe unataka isipige shoti kwa nini?"

Hakuwa amesomea umeme. Alikuwa amesomea mshono unaojipinda. Tulikata reli zote mbili mwanzoni na mwishoni mwa kitanzi ili umeme usivuke, tukakipa kitanzi swichi yake ya kugeuza chanya na hasi, na treni ya kwanza ikatoka milimani saa tatu usiku.

Mwezi uliofuata tulitakiwa darasani kuandika kazi kuhusu msamiati wa shughuli fulani. Nikaandika kuhusu maneno ya reli. Nilieleza kipimo cha 60, nikaeleza mataruma, nikaeleza shoti na kitanzi, na mwalimu wangu aliipenda kazi ile. Jina lililokuwa juu yake lilikuwa moja. Ukurasa wa pili niliandika: "Namshukuru mke wangu mpendwa kwa kunisaidia na kwa uvumilivu wake."

Niliporudi nyumbani nilimpa aisome, nikitegemea atafurahi. Alisoma yote. Kisha akauliza, bila hasira, "Nilikusaidia nini?"

Nikaanza kutaja: kipimo, ruwaza, mwamba, mataruma, uzi mwekundu na mweusi.

Akasema, "Sasa ondoa hayo yote, halafu uniambie kilichobaki."

Kilichobaki ni sanduku. Sikumjibu, lakini sote wawili tulijua. Akarudi kwenye cherehani yake, na kwa majuma matatu hakugusa reli. Hakununa, alinipa chakula, alinisalimu, alicheka na mtoto. Ila upande wa Tororo haukuwa na mtu, na njia yenye ncha mbili haiendi kwa mtu mmoja. Binti yetu ndiye aliyeniuliza, "Baba, Tororo imefungwa?" Kwa mtu aliyekulia kando ya reli iliyofungwa, swali hilo ni zito.

Najua hoja zitakazoletwa dhidi yangu, maana nilijiletea mwenyewe katika majuma yale.

Hoja ya kwanza husema kwamba huu wote ni mchezo wa wazungu waliostaafu, na haustahili makala. Anayesema hivyo amesahau magari ya waya tuliyoyatengeneza utotoni, yenye usukani mrefu na magurudumu ya vifuniko vya chupa. Mikono yetu ilijua kuiga vyombo vikubwa kwa vidogo kabla hatujafundishwa kuona haya. Kilicho kigeni ni zile reli za sandukuni. Kuiga si kugeni. Sitakaa zaidi kwenye hoja hii, kwa sababu hata kama kazi yetu ingekuwa bustani ya sukumawiki, neno ninalolipinga lingekuwa lile lile.

Hoja ya pili husema wazo lilikuwa langu, na mwenye wazo ndiye mwenye kazi. Wazo gani? Wazo langu lilizunguka mara nne sakafuni na likaanza kurudishwa sandukuni. Tukikubali kwamba aliyeleta kitu cha kwanza ndiye mwenye kazi yote, basi kila nyumba ni ya aliyeleta tofali la kwanza. Na angalieni tunavyoitumia sheria hiyo kwa upendeleo. Mke akianzisha biashara, mume akaongeza mtaji mwaka wa pili, hatusemi mume anamsaidia mke. Tunasema wana biashara yao.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na imevaa methali: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Lazima awepo mkubwa wa kazi, wanasema, na wengine wawe wasaidizi, la sivyo hakuna kitakachokamilika. Methali hiyo ni ya baharini, na baharini huenda ni kweli. Reli ya njia moja inafundisha jambo lingine. Pale ambapo treni zinazokwenda na zinazokuja hutumia njia ile ile, hatari kubwa kuliko zote ni treni mbili kukutana ana kwa ana katikati. Dawa iliyobuniwa ni kifaa cha ruhusa, fimbo au kisahani cha chuma, ambacho dereva lazima awe nacho mkononi kabla ya kuingia kwenye kipande cha njia. Katika mitambo mingi ya namna hiyo, kifaa hakitoki stesheni hii mpaka mtu wa stesheni ile akubali. Wakubwa wawili, mmoja kila upande, na hakuna aliye msaidizi wa mwenzake. Usalama wa abiria unakaa katika kuulizana kwao.

Na ajali zikitokea chini ya utaratibu huo, hazitokani na wakubwa kuwa wawili. Tarehe 26 Januari 1921, huko Abermule katika nchi ya Wales, treni mbili ziligongana kwenye njia moja na watu 17 wakafa. Njia ilikuwa na mitambo ya ruhusa. Lakini pale stesheni kisahani kilipita mikono kadhaa, kila mfanyakazi akidhani mwenzake amekiangalia, na dereva akaondoka na kisahani kisicho chake. Walikufa kwa sababu watu waliacha kuulizana. Mimi nami niliacha kumuuliza mke wangu, nikaandika peke yangu kazi ni ya nani.

Hoja ya nne ndiyo inayonikera zaidi, kwa kuwa nimeisikia katika madarasa ya lugha: "Ah, ni neno tu." Wenzangu, sisi tunakaa muhula mzima tukibishana kuhusu kiambishi kimoja. Hatuwezi kutoka darasani tukasema neno zima halina uzito. Basi tulichambue kama tunavyochambua mengine. Juma anamsaidia Ali kulima. Shamba ni la nani? Muulize mtoto wa darasa la pili, atakwambia ni la Ali, na hakuna mahali katika sentensi palipotaja mwenye shamba. Kitenzi kimekwisha kugawa mali. Aliyesaidiwa ana kazi, aliyesaidia ana fadhila. Kwa hiyo anayeandika "mke wangu alinisaidia" amemshukuru mkewe na kumnyang'anya kwa pumzi moja.

Wengine watatoa suluhu ya haraka: tumieni kauli ya kutendana, semeni "tulisaidiana". Ni afadhali, lakini haitoshi. Wanaosaidiana ni watu wenye mashamba mawili, leo kwako kesho kwangu. Sisi shamba letu ni moja. Lugha yetu ina dawa iliyo rahisi kuliko hiyo, nayo ni kiambishi tu-. Tulipima. Tulibishana. Tulipata shoti. Tulijenga. Hakuna cha kuongeza.

Nisieleweke vibaya. Sitaki neno kusaidia lifutwe. Jumamosi huwa napiga pasi nguo za wateja wa mke wangu na kuzikunja. Hapo namsaidia. Wateja ni wake, kipimo ni chake, nguo ikiharibika wanamtafuta yeye, na mimi nikiondoka duka litaendelea. Hicho ndicho kipimo ninachopendekeza kwenu: ondoa mchango wa mtu, tazama kilichobaki. Kikibaki kitu kinachosimama, alikusaidia. Kikibaki sanduku, mlifanya pamoja, nawe huna haki ya kumshukuru kana kwamba alikuwa mgeni.

Mtu mwingine atasema mbona wake hawalalamiki. Wangu hakulalamika pia. Aliuliza swali moja akarudi kazini kwake. Nimesoma kurasa nyingi za shukrani katika tasnifu zilizo kwenye maktaba yetu, na wake wanaoshukuriwa humo kwa uvumilivu ni wengi. Najiuliza ni wangapi kati yao waliokusanya data, waliochapa usiku, waliotafsiri mahojiano kwa lugha za mama zao, kisha wakapewa uvumilivu kuwa ndio mchango wao. Walimu wetu, ninyi ndio mnaotia sahihi kurasa hizo. Mnatuuliza kuhusu kila chanzo tulichonukuu, nanyi mna haki. Siku moja mtuulize pia kuhusu ukurasa wa shukrani: huyu alifanya nini hasa, na kwa nini yumo hapa badala ya kule juu?

Mimi nilichofanya ni hiki. Nilirudi kwa mwalimu wangu nikaomba kubadilisha ukurasa wa kwanza. Alama hazikuongezeka wala kupungua. Majina sasa ni mawili. Kisha nikaenda Tororo, yaani nikavuka sebule, nikauliza kama stesheni inaweza kufunguliwa.

Mke wangu alikubali kwa sharti moja. Kipande cha njia kilicho chini ya dirisha hupokea umeme kutoka kwake au kutoka kwangu, na tukiwasha wote kwa wakati mmoja, mmoja kwenda na mmoja kurudi, ni shoti. Basi kuna kifungo kikubwa cha koti, cheusi, kutoka kwenye kopo lake la vifungo. Mwenye kifungo ndiye anayewasha. Anayekitaka huomba, na mwenzake akiwa tayari humpa. Wageni hutucheka. Tangu tuanze hatujakata fyuzi hata moja.

Na kwa kuwa msomaji mwenye jicho kali atauliza kuhusu makala haya yenyewe, nijibu kabisa. Makala ni yangu, hasira yake ni yangu, na makosa yake ni yangu. Mke wangu alisoma rasimu jana usiku, akafuta aya mbili nilizokuwa nimejisifu humo, akarudi kushona. Hapo ndipo alinisaidia, na namshukuru.